Waraka kwa Wanachama Kuhusu Kauli Zetu Mtandaoni

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili

KUH: NAMNA TUNAVYOWAKOSOA WANASIASA KATIKA MITANDAO YA KIJAMII

Wenzangu,

Kamati imenipa kazi ya kuwaandikia kuhusu jambo ambalo limezua mabishano makali katika kundi letu la WhatsApp muhula huu. Wapo wanaosema chama cha Kiswahili hakihusiki na siasa, na kwamba anayemtaja rais au mbunge kwenye kundi aondolewe mara moja. Wapo wanaosema mwanasiasa aliyefuja pesa za umma hastahili adabu yoyote, na kwamba anayetutaka tuseme kwa heshima anatutaka tunyamaze. Nimewasikiliza wote, na siwezi kusimama na upande wowote kati ya hizo mbili.

Naamini hivi. Kumkosoa kiongozi ni haki yetu, na kwa sisi tunaosomeshwa kwa kodi ya wakulima na mama mboga, ni deni pia. Heshima katika kukosoa ni wajibu tunaodaiana sisi wenyewe, kama watu waliolelewa. Lakini wajibu huo ni wetu, si wa polisi. Siku serikali inapojifanya mwalimu wa adabu, mkononi ikiwa na pingu, hakuna heshima inayobaki pale; kuna woga tu.

Tuanze na Katiba, maana wengi wetu tunaitaja bila kuifungua. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo. Haisemi kila mtu mwenye lugha tamu. Kisha inataja yale ambayo uhuru huo hauyafikii: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na kueneza chuki kunakochochea ukabila, kunakodhalilisha wengine au kunakotokana na ubaguzi. Mwishoni inatutaka, tunapoutumia uhuru huu, tuheshimu haki na sifa za wenzetu. Isomeni orodha hiyo tena polepole. Kumkasirisha rais haimo. Kumwaibisha gavana haimo.

Mahakama zetu nazo zimelifuatilia jambo hili kuliko tunavyodhani. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichofanya kutumia vibaya chombo cha mawasiliano kuwa jinai, kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno hata raia asingejua ni lini amevunja sheria. Februari 2017 Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai. Aliyekashifiwa bado anaweza kwenda kortini kudai fidia, ila hawezi tena kukupeleka gerezani kwa kifungu hicho. Miezi miwili baadaye kikafuata kifungu cha 132, kilichomwadhibu mtu kwa kudunisha mamlaka ya afisa wa umma.

Hicho cha 132 kina historia inayotugusa sisi wanafunzi. Januari 2015 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa maneno aliyoandika kwenye Facebook, mwaka mmoja kwa kumtusi rais na mwaka mmoja kwa maneno ya chuki dhidi ya jamii moja. Alikiri mashtaka na kesi ikaisha upesi. Baadaye Mahakama Kuu iliitengua hukumu hiyo. Mimi huyatazama mashtaka yale mawili kila moja peke yake. La kumtusi rais halikupaswa kumfikisha mtu yeyote mbele ya hakimu. La kabila ni jambo lingine, nami nitalirudia hapa chini kwa sababu ndipo penye hatari kubwa kwetu.

Msidhani sheria zote kali zimekwisha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 ilikuja na vifungu vya 22 na 23 kuhusu habari za uongo, na faini inayofika shilingi milioni 5. Chini ya kifungu cha 23 kifungo kilifika miaka 10. Wanablogu walikwenda kortini, vifungu 26 vikasimamishwa Mei 2018, kisha Februari 2020 jaji akasema sheria yote haikiuki Katiba. Oktoba 2025 rais alitia saini marekebisho yake, na haikupita muda Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya marekebisho hayo. Nayaeleza haya kwa sababu mwanafunzi anayeandika kuhusu nchi yake anapaswa kuijua ardhi anayoikanyaga.

Wenzetu waliotutangulia katika lugha hii hii walilipa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika karatasi iliyosambazwa kwa siri kwa jina Kenya: Twendapi? Kichwa chenyewe ni swali, na lilielekezwa kwa serikali iliyokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU. Alifungwa miaka mitatu kwa uchochezi. Mashairi aliyoyaandika kwa kujificha akiwa gerezani ndiyo yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, diwani iliyochapishwa 1973, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Tito Adungosi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, SONU, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa miaka 10. Hakutoka hai, alifia gerezani 1988. Makosa ya uchochezi yaliyokuwa katika Kanuni ya Adhabu yalifutwa 1997, na sisi tunaoandika leo kwenye simu tunaandika katika nafasi iliyonunuliwa na watu hao.

Na bado watu wanakufa. Juni 7, 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, akafungiwa katika Kituo Kikuu cha Polisi, na kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti uliikanusha habari hiyo: ulionyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Watu kadhaa, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji. Alikuwa na umri wa miaka 31. Wengi wetu hapa tunasomea ualimu, na miaka michache ijayo tutakuwa na umri wake, tukifanya kazi aliyokuwa akiifanya.

Kuna atakayesoma aya hiyo na kusema: basi afadhali tunyamaze. Hilo ndilo jibu linalotarajiwa na waliofanya kitendo kile, nami nawasihi msiwape.

Sasa nije kwenye kauli zetu wenyewe. Kumbukeni Mswada wa Fedha wa 2024. Ulipendekeza ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa mkate, na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana waliufungua mswada wenyewe, kifungu baada ya kifungu, wakaueleza katika video fupi kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchini, hata bibi kijijini akajua kilichoandikwa. Juni 18 mapendekezo ya mkate na magari yakaondolewa. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni na wengine wakapigwa risasi. Siku iliyofuata rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Hapo kulikuwa na hasira nyingi, na matusi pia hayakukosekana. Lakini kilichowakosesha wabunge jibu ni nambari za vifungu. Mbunge aliyeitwa nguruwe alijua namna ya kujibu: alilia kwamba vijana hawana adabu, na gazeti likaandika kuhusu adabu. Aliyeulizwa kwa nini aliunga mkono kifungu fulani hakuwa na pa kujificha.

Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kutetea heshima, wala si kwamba wanasiasa wana haki ya kupepewa. Tusi humwokoa anayetusiwa. Humpa nafasi ya kuzungumza juu ya tusi badala ya pesa.

Tuchukue mfano wa basari, kwa kuwa hakuna anayeijua basari kuliko mwanafunzi. Tuseme ofisi ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, katika eneobunge lenu imegawa hundi mbele ya kamera, mheshimiwa akizitoa kana kwamba zimetoka mfukoni mwake, na jina lako halimo, wala la jirani yako ambaye ni yatima. Unaweza kuandika kwamba yule ni mwizi mwenye tumbo kama pipa. Utapata vicheko mia mbili, na kufikia jioni hakuna atakayekumbuka. Unaweza pia kuandika: Kamati ya eneobunge letu ilitengewa kiasi gani cha basari mwaka huu wa fedha? Orodha ya waliopata imebandikwa wapi? Vigezo ni vipi? Nimeandika barua ya kuomba majibu, na nakala yake ni hii hapa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na ikikataa au ikikaa kimya unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Siku ya 22 ukiandika tena kwamba hujajibiwa, ukimya wao umekuwa ushahidi. Hujatukana mtu, na hujampunguzia hata chembe ya uzito wa swali. Neno mwizi liacheni hadi mtu apatikane na hatia, au mwe na hati mikononi. Hapo pia semeni alichofanya, kiasi gani, lini.

Si lazima kumwita mtu mheshimiwa ili kumheshimu. Cheo hicho wanakipenda wao, na sioni dhambi kwa mwanafunzi kuandika jina tu. Heshima ninayoisema ni ile ya utu. Ibara ya 28 ya Katiba inasema kila mtu ana utu wa kuzaliwa nao, na mwanasiasa ni mtu. Kwa hiyo umbo lake, ulemavu wake, lafudhi yake, ugumba wake, ndoa yake iliyovunjika, vyote hivyo si hoja. Angalieni hasa tunavyowaandika viongozi wanawake. Mwanamume akikosea tunauliza alivyopiga kura. Mwanamke akikosea, wachangiaji kumi wa kwanza wanaingia chumbani mwake. Nimeyaona hayo katika kundi letu sisi wenyewe, watu wanaosoma fasihi ya wanawake darasani na kuiandikia insha nzuri. Inaumiza.

Watoto na wazazi wa wanasiasa nao waachwe. Juni 2024 vijana walisambaza nambari za simu za wabunge na kuwatumia ujumbe kwa wingi, wakiliita jambo hilo kuwasalimia. Mbunge ni mwajiriwa wetu, na kumwandikia ni haki. Ninaweza kulitetea hilo mbele ya yeyote. Siwezi kutetea kusambaza nambari ya mama yake, wala jina la shule anakosoma mtoto wake.

Kuhusu kabila, naomba tusiwe na mjadala. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, na ujumbe wa chuki ulikuwa umekwisha kupita kwenye simu kabla ya mapanga. Wengi wetu tulikuwa wachanga wakati huo. Wazazi wetu hawajasahau. Gavana akiiba, kabila lake halikuiba naye, na mara nyingi wa kwanza kuibiwa ni watu wa kwao. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka adhabu ya hadi miaka 3 gerezani au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa matamshi ya chuki, lakini hata sheria hiyo isingekuwepo ningewaambia hivi hivi. Mwanachama atakayeandika neno la kudhalilisha jamii nzima katika kundi letu ataitwa na kamati. Akirudia, ataondolewa. Hapo hatutasubiri polisi kwa sababu hilo ni la kwetu.

Limebaki lile gumu zaidi, la picha za majeneza. Novemba 2024 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi alishtakiwa kwa madai ya kuchapisha picha iliyoonyesha msafara wa mazishi na jeneza, ikihusishwa na rais. Desemba mwaka huo picha za namna hiyo, nyingi zikitengenezwa kwa akili unde, zilisambaa sana, na vijana kadhaa waliokuwa wakiikosoa serikali mtandaoni walitekwa na watu wasiojulikana. Baadhi yao waliachiliwa Januari 2025. Tumebishana sana juu ya hili, nami nasema ninavyoona. Sipendi picha hizo. Kumwombea mtu mauti ni apizo, na katika malezi yetu apizo halichezewi; tena halimwambii msomaji lolote kuhusu deni la taifa wala karo. Mtu aliyefiwa karibuni akiiona haoni siasa, anaona msiba wake. Nitamwomba kila mwanachama asiichore, asiitume. Lakini kijana aliyechora jeneza amechora. Aliyemteka kijana mchana, akamfunga macho na kumficha kwa wiki nzima bila kumfikisha kortini, ametenda jinai. Uzito wa mambo hayo mawili haulingani hata kidogo, na yeyote atakayetumia picha mbaya kuhalalisha utekaji hatapata sauti ya chama hiki.

Wala sikatazi kejeli. Kiswahili kimekuwa na kejeli tangu mshairi Muyaka bin Haji akiwa Mombasa anawapiga kwa mafumbo wapinzani wa mji wake, na mji mzima ukiyafahamu. Mchora katuni Gado aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiwa na minyororo na mpira wa chuma miguuni, wakati kesi zao zilipokuwa katika mahakama ya ICC. Mchoro ule uliudhi, na ulikuwa na haki ya kuudhi, kwa kuwa kesi zilikuwapo kweli. Hapo ndipo pa kupimia: je, kejeli imeshika tendo, au imeshika pua ya mtu?

Picha ya kutengenezwa iandikwe wazi kwamba ni ya kutengenezwa. Nukuu isitumwe mpaka umeona video nzima au hati yenyewe, si picha ya skrini iliyokatwa. Ukigundua ulichotuma si kweli, kifute na useme umekifuta, pale pale ulipokituma. Sisi ni watu wa lugha. Uongo ulioandikwa kwa Kiswahili kizuri unasafiri mbali kuliko mwingine.

Nawaomba pia tutumie ujuzi wetu kwa jambo kubwa kuliko mabishano. Miswada mingi huchapishwa kwa Kiingereza tu, ilhali Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wananchi huitwa kutoa maoni juu ya kitu wasichoweza kukisoma. Kamati inapendekeza kwamba kila muhula tuchague mswada mmoja unaowagusa wanafunzi au wazazi wetu, tugawane vifungu, tuutafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni, kisha tuusambaze. Chini ya tafsiri kila mtu anaweza kuweka maoni yake, makali anavyotaka. Ibara ya 119 inatupa haki ya kulipelekea Bunge ombi, nasi tuna watu wa kutosha wa kuandika ombi lililonyooka.

Mwenzetu akikamatwa kwa alichoandika, tusianze kwa kuuliza kama alichoandika ni kizuri. Ibara ya 49 inasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuwasiliana na wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya korti ikiwa muda huo unaangukia siku isiyo ya kazi. Asikiri chochote, asitie saini chochote, kabla ya wakili kufika. Aliye karibu aandike jina la kituo, nambari ya gari na saa, kisha ampigie mwalimu mlezi na mmoja wa kamati, usiku au mchana. Hata kama ndiye aliyemwita mbunge nguruwe. Hata kama wiki iliyopita mlikuwa mmenuniana kwenye kundi kwa ajili hiyo hiyo. Tutamwambia tunachofikiri kuhusu maneno yake akishatoka.

Mkutano wa kujadili waraka huu na kuchagua mswada wa kwanza utafanyika Ijumaa hii baada ya vipindi vya mchana, katika ukumbi wetu wa kawaida. Wanaopinga niliyoyaandika waje wakiwa na hoja zao zimeandikwa, nami nitahakikisha zinasomwa mbele ya wote kabla ya zangu. Wawakilishi wa mwaka wa kwanza walete nakala za Katiba kutoka maktaba, kadiri watakavyoruhusiwa kuazima.

Wenu,

Katibu wa Chama